Kocha wa Kushikilia

Kocha wetu wa basketi aliondoka Songea kwenda kumuuguza baba yake, akasema anarudi wiki ijayo. Baba yake akapona, akarudi shambani, akaoa tena. Kocha hakurudi.

Mwenyekiti wa timu, ambaye ana duka la saruji na mabati pale Msamala, aliniita akaniambia, "Wewe shikilia kidogo." Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa mchezaji ambaye asipocheza timu haipungukiwi kitu. Hayo ni maneno yake, na ni kweli. Basi nikashikilia. Mvua zikaanza, bado nimeshikilia.

Kazi yangu hasa ni kuuza viatu vya mitumba Lizaboni. Shule niliishia la saba. Ukocha nilijifunzia kwenye benchi, maana nimekaa pale kuliko mtu yeyote kwenye timu, na ukikaa pale unaona mengi, hasa migongo ya wenzako.

Ikafika palizi. Huku kwetu palizi ikianza, mjini wanabaki wagonjwa na wenye maduka. Jioni moja nilifika uwanjani nikakuta wachezaji wawili, na mmoja alikuwa amekuja kuaga. Nikamfuata nahodha wetu shambani kwao. Nilimkuta ameinama kwenye mahindi, na majani yamemfika magotini.

"Limebaki kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kocha, mpaka Pasaka."

"Kesho timu nzima tupo hapa."

Akadhani natania, kwa sababu huwa natania. Kesho yake tukaja wote na majembe. Shamba likaisha mchana, mama yake akatuletea togwa, tukaenda uwanjani. Keshokutwa tukahamia kwa mwingine, hivyo hivyo kwa zamu. Mazoezi yalikuwa mabaya sana, watu wamechoka, mtu anarusha mpira haufiki hata kwenye ringi. Lakini walikuwepo wote. Tukaenda kucheza Mbinga, wakatufunga, ila walitufunga tukiwa kamili. Timu nyingine za huku msimu ule hata kufika hazikufika.

Palizi ilipokwisha, kamati ikasema sasa inataka kocha wa kudumu. Waliojitokeza tulikuwa mimi na kijana mmoja aliyetoka Dar, mwenye cheti cha ukocha. Alikuwa mtu mzuri, jambo lililonikera. Alinionyesha michoro yake ya mchezo bila hata kunificha, nikaielewa, ikanikera zaidi.

Sasa kuna jambo la kueleza hapa. Mwenyekiti ni Mhehe, mimi Mngoni, na makabila yetu ni watani tangu babu zetu walipopigana. Kwa hiyo tangu tufahamiane hatujawahi kuongea kama watu wenye akili. Alipokufa mjomba wangu, mwenyekiti alikuja msibani akavaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akauliza kwa sauti ya mjomba mbona chakula kimechelewa. Mjane alicheka mpaka akasahau alipoishia kulia. Siku nyingine akaniambia jezi mpya zimefika dukani, niende na timu nzima tukachukue. Tukaenda. Tukakuta lori la saruji linasubiri kushushwa. Tulishusha.

Siku ya kujieleza mbele ya kamati ilikuwa Jumapili baada ya misa, nyuma ya duka lake. Nilivaa viatu vya ngozi vya kuuza, ambavyo jioni nilivirudisha mezani. Nikaapa sitatania hata kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo unaamkia kwa adabu, umeua mtu?"

Nikavuta kiti. Pembeni yake alikaa katibu, mama mmoja nesi ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Akaniambia, "Kijana, jieleze. Kwa nini tukupe wewe?"

"Mama, mimi sina cheti. Mwenzangu anacho, nimekiona, ni kizuri. Mimi wachezaji nikiwaita wanakuja. Hata wakati wa palizi walikuja."

Mwenyekiti akacheka. "Wangoni bwana! Babu zetu waliwachapa mkakimbia mpaka huku, leo mnataka kutuongoza!"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, zuri kabisa, la babu yake. Nikalimeza. Liliniumiza kifua kama muhogo mkavu.

"Lakini mmefungwa mechi nyingi," akasema mama katibu.

"Nyingi, mama. Hatujui kulinda. Na kulinda hakufundishwi kwa wiki moja. Kocha wa kushikilia hawezi kuanza jambo refu, kila akiamka anasubiri mwenye timu aje. Mnipe niianze kazi nikijua ni yangu."

Mwenyekiti akacheka tena, safari hii mpaka akafuta macho. Wakaniambia nikasubiri nje. Akaingia yule wa cheti, akatoka, akaniaga vizuri, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa kwenye mabati, yanaunguza.

Baadaye mwenyekiti akatoka na kipande cha muhogo mkononi, kingine mdomoni.

"Mtani! Tumetafuta mtu tumekosa, tumekupa wewe. Kesho saa kumi uwanjani, kocha mkuu!"

Akacheka, akapaliwa, akarudi ndani anakohoa na kucheka. Na mimi nikacheka ili asione nilivyoumia. Nikamwambia, "Asante mtani, na mimi nakupa uchifu." Nikaenda nyumbani.

"Vipi?" mama yangu akauliza.

"Nimekosa."

"Walisemaje?"

"Walisema nimepata."

Mama akaacha kupepeta mchele. "Sasa umekosaje?"

"Aliyesema ni Mhehe."

Mama akafikiri. "Ee," akasema, "basi umekosa." Akaendelea kupepeta.

Kesho yake nilikuwa kwenye meza yangu napanga raba. Saa kumi jioni ikafika, nikaipangua meza yote nikaanza upya, wakubwa upande huu, watoto upande ule, ili macho yasiende njia ya uwanjani. Nilijua yule wa cheti yupo pale sasa hivi, anawaonyesha michoro, na nahodha anaitikia "ndiyo kocha". Hilo la nahodha ndilo lililoniuma.

Mara nikamwona mwenye cheti anapita barabarani na begi lake, anaelekea stendi. Akanipungia mkono. "Hongera kocha!" Nikajiuliza huyu naye ni kabila gani.

Hajapotea machoni, akatokea mama katibu, ana sare zake za kazini.

"We kijana! Watoto wa watu wamesimama uwanjani, wewe unauza raba?"

Nikasimama. "Mama, shikamoo. Kwani ilikuwa kweli?"

"Mimi jana nilikuwa nacheka?"

"Aliyeniambia alikuwa anacheka."

"Yule hata kwenye ubatizo anacheka." Akaangalia viatu vyangu, akashika kimoja, akakirudisha. "Mimi nilimtaka mwenye cheti, nakwambia usije ukasikia kwa watu. Mwenyekiti ndiye aliyekupigania. Alisema amekutukania babu zako na hukumjibu. Akasema, huyu mtoto tangu nimjue hajawahi kuniacha hivi hivi, basi kazi hii anaitaka kweli."

Nikakichukua kiatu alichokirudisha, nikakipanga upande wa watoto.

"Nenda basi!" akasema.

Nikamwachia meza jirani yangu muuza mikanda, nikakimbia. Uwanjani nikamkuta mwenyekiti amekaa kwenye benchi, na timu nzima imekaa chini kwenye saruji.

"Siku ya kwanza umekosa mazoezi," akaniambia. "Kamati inakupa onyo."

Nikamtazama usoni. Hakucheka. Kwa hiyo siku niliyoanza ukocha mkuu ndiyo siku niliyopewa onyo, na onyo lile mpaka leo sijui kama bado lipo.

Nahodha akainua mkono. "Sasa tukuiteje?"

"Kocha."

"Si ndivyo tulivyokuita hata juzi?"

"Juzi mlikuwa mnabahatisha. Simameni wawili wawili, mmoja na mpira, mwingine anamzuia. Leo hakuna kurusha kwenye ringi."

Wakaguna. Nikawaacha wagune, nikapuliza filimbi.