Nilijiandaa kuvuka Nadapal peke yangu na pikipiki, nusura niungue nikiwa bado Lopur

Wakuu, habari zenu. Mimi humu ni msomaji tu, huwa sichangii sana. Leo nawaletea jambo lililonipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetafuta vichekesho apite.

Naishi Lodwar, kazi yangu ni kufunga sola. Dada yangu mdogo, Akiru, ameolewa Kapoeta, upande wa Sudan Kusini. Mara ya mwisho kuongea naye alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Halafu simu yake ikazima. Kila tukipiga, hapatikani.

Mama akaacha kula vizuri. Hakuniomba niende, lakini kila nikiingia kwake ananitazama usoni, anangoja niseme kitu.

Nikasema nitaenda. Solo, na pikipiki yangu.

Hapo ndipo woga ulianza. Kila niliyemuuliza kuhusu njia ya Nadapal, pale mpakani, alikuwa na hadithi ya mtu aliyepigwa risasi.

Nikajiandaa kama mtu anayehama. Tyubu, maji, madumu ya petroli, unga, spana, kamba. Kila nikiogopa, naongeza kitu. Mke wangu, Nakiru, alikuwa ananiangalia nikifunga na kufungua mzigo. Hakusema neno.

Nikaamua nijaribu kwanza hadi Kakuma na mzigo wote. Lami haikunisumbua. Karibu na Lopur, kabla ya kufika Kakuma, nikashuka kwenye laga, ule mto mkavu, nijizoeze mchanga.

Wakuu, sikufika hata katikati.

Tairi la mbele lilizama, pikipiki ikanilalia mguu. Injini bado inanguruma, ekzosi inanichoma juu ya kifundo, na dumu moja limepasuka. Nikasikia petroli inalowesha suruali. Funguo siifikii.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikawa nawaza ni nani atanikuta, na atanitambua vipi.

Akatokea mama mmoja nyuma ya mbuzi wake. Akasimama mbali. Nadhani aliniogopa vile mimi nilivyoogopa moto.

"Ejok?" akanisalimu.

Salamu, wakuu! Mtu anaungua!

"Mama, zungusha hiyo funguo!"

Akaja, akaizungusha, injini ikanyamaza. Kisha akapiga magoti, akachimba mchanga chini ya mguu wangu kwa mikono yake mpaka nikautoa.

"Wewe naenda wapi na duka mzima?" akauliza.

"Kapoeta."

"Peke yako? Hii kitu ikilala tena, nani tainua?"

Tuliiinua pamoja, na hata hivyo ilibidi tushushe mzigo wote kwanza.

Kakuma sikufika. Nilirudi Lodwar mguu unawaka. Nakiru alipokuwa ananiosha kidonda ndipo akafungua mdomo.

"Nilikuwa nimeanza kujizoesha ujane," akasema. Mikono yake haikuacha kuosha.

Kidonda kilipokauka nikaenda. Safari hii nilifunga mzigo mdogo, na kabla ya kutoka niliilaza pikipiki uani na mzigo wake, nikaiinua mwenyewe. Pale Loki, mji wa mwisho kabla ya mpaka, nikasubiri malori yaliyokuwa na ulinzi, nikakaa nyuma yao, nikala vumbi lao lote.

Sitawadanganya, niliogopa njia nzima. Kila kichaka nilikiona kina mtu.

Akiru nilimkuta anaanika nguo. Simu iliibiwa, basi, na namba zetu hakuwa nazo kichwani. Akaniletea mtoto nimpakate. Nikamwambia angoje nikae chini kwanza, nipanguse vumbi mikononi.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilikuwa nafunga woga kwenye keria nikidhani najiandaa. Beba kile utakachoweza kuinua ukiwa peke yako. Na kama kuna wenzako wanaenda njia hiyo, wasubiri, hakuna aibu.

Waliowahi kupita Nadapal na pikipiki, semeni hapa chini mlibeba nini na mliacha nini. Ila mtu akiniambia hakuogopa, huyo simwamini.