Wanawake Sita na Barua ya Padre

Nilirudishwa nyumbani kutoka utawani kwa sababu ya maharagwe. Ndivyo nilivyojisimulia kwa miaka mingi, ingawa sista mkuu alikuwa na maelezo marefu zaidi. Sista wa jikoni alisema nimeyaunguza, nami nikamwambia mbele ya wote kwamba hata yeye huyaunguza, ila hana wa kumsema. Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa pale karibu miaka miwili, na mdomo ulikuwa umeniponza mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Nikafunga sanduku langu, nikapanda basi kutoka Kitui mpaka kwetu, chini ya milima ya Mbooni.

Ilikuwa miaka ya sabini. Sehemu zetu Wakatoliki walikuwa wachache. Majirani wengi walikuwa Waprotestanti, na baadhi yao walimuuliza mama, kwa huruma yenye kicheko ndani yake, kama sasa nitaolewa. Mama aliacha kwenda mtoni wiki nzima. Baba alinipa jembe.

Nilikwenda kwa padre kumlilia. Alikuwa mzungu mrefu mwenye pikipiki, anayezungumza Kikamba cha kuchekesha lakini cha kueleweka. Kwetu alifika mara moja kila miezi miwili, akasoma Misa katika darasa la shule ya msingi. Hakunipa pole niliyoifuata. Alisema kuna wanawake sita wanaotaka ubatizo na hawana mwalimu. Niwafundishe bila kugombana na mtu, na siku watakapofaulu mtihani wa katekisimu ataniandikia barua ya kunirudisha utawani. Nikakubali papo hapo. Sitaficha neno: sikuwaza roho zao hata kidogo. Niliwaza barua.

Wote sita walikuwa na watoto wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyejua kusoma. Mkubwa wao alikuwa mjane tuliyemwita Susu, jina tunalompa nyanya. Mtoto wake wa mwisho alibatizwa hospitalini siku moja kabla ya kufa, na Susu hakuwa na haja na mengi niliyofundisha. Alitaka tu kwenda alikokwenda mtoto wake. Kifua chake kilikuwa kibaya, akikohoa mpaka tunasimamisha somo.

Walikuja Jumatano alasiri, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Walisokota nyuzi za mkonge juu ya paja, wakasuka viondo, vile vikapu vyetu, huku wakinisikiliza. Mwanzoni iliniudhi, nikaona ni dharau. Kisha nikajiona mwerevu: kila jibu moja, mzunguko mmoja wa kiondo. Jibu la kwanza kitako, la pili mzunguko unaofuata, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Kufikia Kwaresima walikuwa wanaimba majibu yote bila kukosea, nami nimeshaanza kufua nguo za safari.

Padre alikuja, akaketi juu ya dawati, akafungua kitabu na kumuuliza Susu swali la katikati, la sakramenti. Susu alimwangalia. Kisha akaanza na jibu la kwanza kabisa, kwa sauti ya kuimba, akiwa na nia ya kufika huko alikoulizwa. Padre akamkatiza, akarudia swali. Susu akamweleza kwa upole kwamba kiondo hakianzii katikati. Wale wengine watano wakaitikia kwamba ni kweli.

Padre alicheka mpaka akapangusa macho, lakini hakuwapitisha. Nje aliniambia kwamba yale yalikuwa majibu ya kasuku, na kwamba aliyewafuga kasuku hao ni mimi. Nilifura kwa hasira. Nililima siku tatu nikiwalaumu wale wanawake, viondo vyao na mkonge wote wa Ukambani.

Ilibidi tuanze upya. Safari hii niliacha mambo ya mizunguko, nikawafuata walikokuwa na kazi, iwe kwenye kuchimba matuta shambani au kwenye kufukua mchanga wa mto kutafuta maji. Siku tuliyozungumza juu ya kitubio, mmoja aliweka jembe chini katikati ya maneno yangu, akaenda kumsalimia wifi yake aliyenuniana naye kwa miaka mingi. Sikuwa nimewahi kuona neno langu likimwinua mtu hivyo. Jumapili ambazo padre hakuja, niliongoza sala mimi. Mjukuu wa mmoja wao alipofariki waliniita kaburini, maana hapakuwa na mwingine wa kuitwa. Nikaenda, nikaomba nilivyoweza. Jioni ile nilikumbuka kwamba sijahesabu siku za kurudi utawani kwa muda mrefu. Lakini barua niliitaka bado, nisiwadanganye.

Majilio yalipofika walikuwa tayari. Siku moja kabla ya mtihani niliwauliza kutoka mwisho, kutoka katikati, kutoka popote. Walijibu yote, tena kwa maneno yao wenyewe. Susu alikuwa akijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Padre akaja. Akamuuliza wa kwanza, kimya. Wa pili akainamia kiondo chake kana kwamba swali lilikuwa la mtu mwingine. Akaendelea hivyo mpaka akamfikia Susu, akamchagulia swali jepesi kuliko yote: ni nani aliyemuumba? Hata mtoto mdogo wa majirani zetu angelijibu. Susu alitazama dirishani, akajitia hamnazo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikaa pale nikiusikiliza, uso ukiniwaka. Padre alifunga kitabu polepole, akasema labda Pasaka, akatoka nje kunywa chai.

Nilifunga mlango. Ahadi ya kutogombana na mtu niliisahau. Niliwaambia kwamba najua wanajua, na wanieleze nimewakosea nini. Yule mdogo wao akasema kwamba mama yangu aliwaambia mtoni habari za barua. Maskini mama, alikuwa amepata tena jambo la kujivunia na hakuweza kulificha.

"Tukipita mtihani, wewe unaenda," Susu akasema. "Jumapili ni nani atatuombea? Na mimi nikikufa, ni nani atanizika?"

Nikamwambia kwamba yeye ni mgonjwa na huenda asiione Pasaka. Nikamuuliza, kwa ukali nisioujutia hata leo, kama amemsahau mtoto wake.

"Sijamsahau. Nimefikiria sana," akasema. "Mungu anajua kwenye nakaa, ataningoja. Lakini wewe ukienda, haurudi."

Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kifua. Karibu miaka miwili nilikuwa nimepiga magoti utawani nikimwomba Mungu aniambie anataka nini kwangu, nisisikie kitu. Na hawa sita walikuwa wameweka kando kile walichokitamani kuliko vyote, kwa ajili ya mtu aliyewatumia kama ngazi. Niliona aibu. Halafu, juu ya ile aibu, nikaona furaha ambayo sijui niipe jina gani, nikalia mbele yao. Hakuna aliyenibembeleza. Waliendelea kusuka, wakisubiri nimalize.

Nikatoka nje. Padre alikuwa amesimama na kikombe chake karibu na pikipiki. Nilimwambia ile barua asiiandike, si mwezi huu wala mwaka ujao. Aliniuliza kama nina hakika au ni hasira zangu tena. Nikamjibu kwamba kwa hasira ningekwenda zangu leo hii. Kisha nikamwomba arudi ndani awaulize upya.

Kabla hajafungua kitabu, Susu akamuuliza kama ni kweli mwalimu anabaki. Padre akasema ndivyo alivyosema mwenyewe. Susu akaweka kiondo chini, akasimama kwa kushikilia dawati, akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza, moja baada ya jingine, bila mpango wowote, mpaka padre akamwomba awabakishie wenzake.

Wote sita walibatizwa Krismasi hiyo. Susu alinichagua niwe msimamizi wake wa ubatizo, mimi niliyekuwa na umri wa mjukuu wake, na tangu siku ile, hata sokoni Kikima mbele za watu, aliniita mama. Kifua chake kilivumilia miaka minne zaidi. Alifariki msimu wa mvua, mito imejaa na padre yuko ng'ambo hawezi kuvuka. Nilimzika mimi.