Skii za Kwenda Ukweni

Siku yangu ya kwanza kazini, Louisville, supavaiza wa ghala alinionyesha rundo la mbao ndefu zilizofungwa nailoni, akasema, "Hizi ni skii. Zipange kwa urefu." Nikaitikia "Yes!" kwa sauti kubwa, maana sisi Warundi tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma juzijuzi na Kiingereza changu chote kilikuwa hicho. Jioni, nyumbani Highview, nikamweleza mume wangu nilichoona kwenye picha za ghalani: kwamba Wamarekani hufunga mbao miguuni wakajitupa mlimani penye theluji kwa hiari yao. Akanitazama weee. "Mama Chantal, umechoka, kalale."

Mume alipopata kazi ya kiwanda Columbus tulihamia Reynoldsburg, na kampuni ileile ikanipokea kwenye duka lake. Hapo fundi mkuu, mzee mkali mwenye masharubu, ndiye aliyenifundisha kazi. "Usimuulize mteja anataka skii gani," alisema. "Muulize anateleza wapi, na umtazame usoni akijibu. Wote hudanganya." Kweli kabisa! Sijawahi kuhudumia mtu aliyekiri kwamba hajui.

Ninyi vijana siku hizi mnachagua kwa simu, lakini sisi tulichagua kwa mikono. Kwanza kiuno, yaani upana wa skii katikati, pale chini ya kiatu. Kiuno kipana huelea kwenye theluji laini iliyoanguka karibuni. Chembamba hugeuka upesi kwenye njia ngumu iliyosawazishwa na mashine, kwa sababu ukingo wake wa chuma hushika mara moja. Anayetaka kote kuwili hupewa cha wastani, chenye ncha ya mbele iliyoinuka na upinde kidogo katikati. Kisha urefu: asiye mzoefu, skii ikisimamishwa ncha isimpite pua, la sivyo hataweza kuigeuza. Mwisho vifungio, vile vinavyoshika kiatu. Hivyo unavikaza kwa kadiri ya uzito na ujuzi wa mtu, ili akianguka vibaya vimwachie kabla goti halijavunjika.

Baadaye kampuni ilinipeleka Buffalo. "Theluji utaichoka," meneja alinionya siku niliyoripoti, na kwa kweli nimeichoka.

Ijumaa moja waliingia dukani wanaume wanne waliovaa suti, Wakongo wa kanisa letu, na katikati yao Heritier, mpwa wao, kichwa chini. Baba yake alifariki huko Kongo, na hao wajomba ndio waliomlea. Heritier alimpenda Emily, msichana wa Kimarekani aliyefanya naye kazi ya kutunza wazee. Baba wa Emily alikuwa hajaikubali ndoa wala kuikataa. Alisema tu, "Jumamosi aje tuteleze pamoja." Basi wajomba wakaelewa kwamba kijana anaenda kupimwa.

Mzee Bahati, mkubwa wao, alisimama rasmi kana kwamba anaposa. "Bon, Mama Chantal. Kesho mutoto wetu anaenda kwa baba mukwe. Donc, utupatie ski ya heshima."

Ya heshima, kwao, ilikuwa ile pana na ndefu kuliko zote ukutani. Nikamuuliza Heritier ameteleza wapi. "Kilima kidogo tu, Mama," akanong'ona. "Njia ya mashine." Nikamtazama usoni, hakudanganya. Lakini baba mkwe atampitisha wapi sikujua, kwa hiyo nikashusha ya kiuno cha wastani, ncha yake ikamfika puani.

"Aaah! Hii ni ya mutoto!" wajomba wakasema. "Watatucheka!"

Tulibishana mpaka koo likanikauka. Heritier mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno: "Wajomba, mimi ndiye nitakuwa juu yake. Nachukua ya Mama."

Kesho yake walinibeba kwenye gari lao, ili mambo yakiharibika niwepo nijibu. Tukasimama chini ya mlima na viatu vyetu vya kanisani, tukitetemeka. Heritier alitokea juu na yule baba. Njia ya mashine aliiteremka vizuri, nami nikapiga vigelegele. Yule baba akakata kona kuingia kwenye theluji laini, kijana akamfuata, skii zikaelea kama nilivyotaka. Basi raha ikamzidi, akainua mkono kutusalimia, na puu! Akazama. Skii moja ikafyatuka mguuni, ikarukia mbali.

"Mama Chantal! Umetuuzishia ski ya kutupa mutu!" wajomba wakafoka.

"Imemwachia," nikasema, "ndiyo kazi yake. Goti lake ni zima." Lakini kimoyomoyo nilijua ndoa imekwisha.

Yule baba alipanda kurudi kwa taabu, akachimba theluji kwa mikono mpaka akaipata ile skii. Akavua na zake. Akazitia zote begani, za kwake na za kijana, wakashuka kwa miguu taratibu huku wakicheka. Mzee Bahati alivua kofia kwenye baridi ile. Kwetu sote, Warundi na Wakongo, mkwe ndiye humbebea baba mkwe mzigo, si kinyume.

"Anamubebea muzigo," akasema polepole. "Mbele ya watu."

Sasa nimestaafu, na magoti yananikumbusha kila sakafu ya saruji niliyosimama juu yake. Vijana wa dukani bado wananipigia simu kuniuliza upana na urefu, nami najibu kwa furaha, maana kazi ile niliipenda. Lakini nikikaa peke yangu hapa North Buffalo, theluji ikianguka, namkumbuka zaidi yule baba alipotufikia, anahema, skii bado ziko begani. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza, "Wazazi wake ni nani hapa?"

Wajomba wote wanne waliinua mikono. Na mimi pia.