Upande Alioelekezwa Babu

Nilikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, miaka ya tisini ikianza, na katika nyumba yetu ya Mji wa Kale kulikuwa na amri moja isiyovunjwa: baada ya alasiri, kizingiti hakifagiwi. Jua likitua Bibi aliweka hapo bakuli la maji. Yalikuwa ya Babu. Yakipungua usiku, sisi wajukuu tulijua ni paka wa mtaani, na Bibi alijua pia, maana siku moja nilimwonyesha kwa kidole akanijibu nisiwafukuze, "Nao wana kiu. Waate wanwe."

Babu alikuwa dresa, mfunga majeraha katika jeshi la Mwingereza, akapelekwa vita vya Bama, yaani Burma, mama yangu angali tumboni. Serikali ilipotuma mtu kusema amekufa, Bibi alimuuliza, "Ni nani alomzika?" Yule mtu hakujua. Basi Bibi hakukaa eda ya ujane, hakuvua bangili zake za fedha, na kila aliyekuja kumposa aliambiwa huyu ni mke wa mtu. Aliamini kwamba maiti asiyeelekezwa kibla hapati usingizi. Huzunguka akitafuta mlango wa kwao, na hufika na kiu. Ukifagia, unazifuta nyayo zake. Nami niliamini. Nililiruka bakuli lile kwa woga, nikinong'ona, "Samahani, Babu."

Kisha akaja Mzee Kazungu, Mkristo wa Kaloleni, akichechemea, baada ya kuulizia nyumba yetu tangu Ngome ya Yesu.

"Bi mkubwa, mumeo alinifunga mguu huu," alisema. "Halafu akasikia mwingine analia mbele yetu, akamfuata. Hakufika. Nilimzika mimi."

Bibi alishika ukingo wa kitanda. "Miaka yote hiyo ulikuwa wapi, ndugu yangu?"

"Niliogopa. Nilidhani mtaniuliza, mimi nisiye Muislamu, nilimgusaje. Sasa naumwa. Sitaki kufa nalo."

"Ni nani alomuosha?"

"Mvua."

"Na kumlaza?"

"Kabla ya vita nilikuwa kibarua wa kuchimba makaburi yenu hapa Mombasa. Nilimchimbia vivyo hivyo, nimekaa kitako, mguu haunibebi. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia. Nikatafuta kaskazini kwa jua, nikamwelekeza huko."

Bibi alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Mgeni alipoondoka aliosha bakuli, akalifudikiza, na magharibi ilipoingia akachukua ufagio akafagia kizingiti kwa mkono wake. Bangili zilikataa kutoka. Nilimpaka sabuni, nikavuta, yeye ameuma meno. Akaingia eda, kizee wa zaidi ya miaka sabini.

Maalim wetu wa chuoni alikuja kumweleza kwa adabu, nyuma ya pazia, kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na yake ilikwisha kitambo.

"Kwenu, maalim," Bibi alisema. "Kwangu mimi mekufa juzi."

Laiti yangeishia hapo. Lakini alimsimulia habari za kaburi, na maalim, mtu aliyeshinda akisahihisha herufi zetu, hakuweza kujizuia. "Kaskazini ni kibla chetu sisi hapa, Bi. Bama iko mashariki ya Makka. Kule kibla ni magharibi."

Sidhani alikusudia ubaya, ila mpaka leo nikimkumbuka hupandwa na hasira. Kunyamaza kungemgharimu nini? Maalim alipokwenda zake, Bibi aliniita.

"Lete sabuni."

Bangili zilirudi kwa uchungu kuliko zilivyotoka, na mkono mmoja ulichubuka ukatoka damu. Jioni ile bakuli lilikuwa kizingitini. Mzee Kazungu hakuambiwa kamwe, Bibi alitukataza. "Alotenda ni mengi," alisema. "Muateni apumzike."

Yeye mwenyewe hakupumzika. Aliweka maji mpaka jioni yake ya mwisho, muongo ule ukielekea ukingoni, na mimi nilikwisha kuwa kijana wa kushuka kaburini. Tulimpokea, tukamlaza ndani ya mwanandani, kile kishimo cha ubavuni mwa kaburi, na baba akaniambia nimgeuze uso vizuri, uelekee kaskazini.

Nilipomshika kumgeuza ndipo nikatambua. Yule kibarua alimzika Babu kama anavyozikwa mtu wa Mombasa, na sasa mkewe alikuwa akilazwa kuelekea upande ule ule. Maalim alisema kweli, sibishani naye. Lakini wamelala namna moja, Babu kule na Bibi hapa, na naamini neno hilo lingemtosha Bibi, maana mimi limenitosha miaka yote hii. Nikainama nikamwambia hilo sikioni. Nilikuwa nimechelewa, na mbao za kumfunika zilikuwa tayari mikononi mwa watu.