Msalaba Shingoni mwa Mzee Bwanaheri

Ile nyumba ya mwaka wa huduma, hapo Kibiti nyuma ya soko, siku hizi ni duka la simu. Filomena akipita asubuhi kwenda zahanati hugeuza uso upande wa pili. Si kwa chuki, la. Akiitazama sana machozi humtoka, na muuguzi wa umri wake kulia barabarani ni aibu. Alikaa humo mwaka mmoja tu, tisini na mbili kuingia tisini na tatu, lakini mwulize habari za ujana wake, atakupa mwaka huo, mingine atakwambia hana kumbukumbu nayo.

Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mitumba imejaa sokoni, redio kaseti zinapiga kelele kila kibanda. Kanisa moja la Dar es Salaam likabuni jambo lake: vijana waliomaliza shule wakae pamoja mwaka mzima katika vimji vinavyokua kando ya barabara, wale chungu kimoja, wasali pamoja, wawahudumie wagonjwa majumbani bila ujira. Wakaja wanne kutoka Dar, wote wenyeji wa bara. Wa tano wakampata hapohapo: Filomena, binti wa seremala Mmakonde, mmoja katika Wakristo wachache wa mji ule.

Jamani, raha! Kwao Filomena alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Pale aliulizwa maoni yake. Walibishana juu ya Mungu huku wakichambua mchele, wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Kiongozi wao, Kaka Elirehema, Mpare mrefu aliyeomba hata chumvi kama anayetoa amri, aliunguza ugali kila zamu yake, na wote wakaula kimya. Dini, ambayo kwa Filomena ilikuwa nguo ya Jumapili, ikawa nguo ya kazi.

Mgonjwa wao mkubwa alikuwa Mzee Bwanaheri, mkata mikoko wa Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Mguu ulikuwa na kidonda kisichopona. Binti yake, Kuruthumu, alimleta kwa mtumbwi kisha kwa lori, akampangia chumba karibu na zahanati, akarudi kulinda mpunga. Angefanyaje? Asipolinda, ndege hawana huruma. Basi majirani wakawa wanaleta uji, Filomena anasafisha kidonda, na Elirehema mwenyewe anamwogesha mzee kila siku, taratibu, bila kinyaa.

Siku moja Elirehema akauvua msalaba wake wa mti, akamvisha mzee. Mzee akaushika kwa mikono miwili, akashukuru. Kesho yake bado anao. Keshokutwa anao. Weee, nyumba nzima shangwe! Elirehema akamwuliza kama Jumapili wambatize.

"Haya, mwanangu, Mungu akipenda," mzee akajibu.

Barua ikaandikwa siku hiyohiyo kupelekwa Dar, kwamba tunda la kwanza limepatikana.

Filomena peke yake hakuweza kuimba. Yeye kazaliwa Kibiti, anawajua watu wake. Pwani hukatai kitu cha mgeni mbele ya macho yake, sembuse mgeni anayekuogesha! Unapokea, unashukuru, mengine unamwachia Mungu. Wenzake wa bara wangelijulia wapi hilo? Yeye alijua, akanyamaza siku tatu. Alinyamaza kwa woga, tena leo anakiri mwenyewe. Aliogopa kuambiwa imani yake ni vuguvugu, mtoto aliyelelewa na ubwabwa wa maulidi. Aliogopa kuipoteza nyumba ile aliyoipenda kuliko ya baba yake.

Ijumaa adhuhuri akaenda kufunga kidonda. Wanaume wenye kanzu walikuwa wanapita kwenda msikitini, na kila mmoja alichungulia mlangoni kumjulia hali mzee. Joto la kuchemsha maji, na mzee kajifunika shuka mpaka kidevuni, jasho linamtiririka, kaishikilia ile shuka isishuke. Filomena akajua kinachofichwa.

"Babu," akasema walipobaki wawili, "huu msalaba unautaka?"

Mzee akatazama mlango. "Kaka yako ananiogesha, mjukuu wangu. Hajakunja uso hata siku moja. Nikimrudishia kitu chake, mie nitakuwa mtu gani?"

"Na Kuruthumu keshokutwa akija?"

"Hapo ndipo sijui. Hapo sijui kabisa."

Filomena akaenda moja kwa moja kwa Elirehema, akamweleza yote.

"Kwa hiyo unamwonea haya Kristo?" Elirehema akafoka.

"Simwonei haya Kristo. Najionea haya mwenyewe, maana nilijua tangu mwanzo. Mzee hajakubali, Kaka. Ana adabu tu."

"Kama ndivyo unavyoona, funga mizigo yako."

Akafunga. Alilia akikunja kanga zake mbili, akalia akizikunjua na kuzikunja tena. Alipotoka na furushi kichwani, akamkuta Elirehema kakaa kizingitini, macho mekundu.

"Weka hilo chini," akasema. "Twende ukanisaidie kuuliza. Mimi sijui namna."

Wakaenda. Elirehema akachuchumaa kando ya kitanda. Filomena alikuwa amemfundisha njiani maneno ya kusema, naye akayasema polepole. "Mzee, ukisema hapana, kesho nitakuja kukuogesha vilevile. Na keshokutwa nitakuja. Unautaka?"

 Mzee Bwanaheri akauvua msalaba, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hapana, mwanangu. Nisamehe."

Elirehema akauvaa. Akaenda kuchota maji, akaloweka kitambaa, akaanza kumwogesha kama siku zote, na Filomena akasubiri nje mpaka alipoitwa kufunga kidonda.

"Sasa niombeeni," mzee akasema ghafla. "Siku zote mlikuwa mnaomba mnipate. Leo niombeeni mguu."

Elirehema, bingwa wa kuomba saa nzima bila kumeza mate, akamgeukia Filomena. Filomena ndiye aliyeomba, maneno mawili matatu, mguu upone na Kuruthumu afike salama. Mzee Bwanaheri akawa wa kwanza kuitikia, "Amin."