Mkono wa Mtakatifu Ana

Kucheka mtacheka tu, basi chekeni. Jumapili iliyopita niliwahi kanisani hapa Lyulilo nimsihi Mtakatifu Ana aniombee mtoto, maana tangu niolewe nafinyanga vyungu tu. Nimepiga magoti, mara baba mkwe wangu huyo mlangoni, anachechemea na mkongojo! Kwetu mke na baba mkwe hawatazamani kabisa. Wakikutana, ni kukimbia. Nikajitupa nyuma ya pazia, mgongoni mwa sanamu.

Kumbe naye amemfuata Ana huyo huyo! "Mama, niponye goti," akaomba. Kwa kutetemeka kwangu nikaisukuma sanamu, ikayumba. Nikaidaka kiunoni kwa mkono mmoja, kucha zote zimejaa udongo.

"Ndaga, Mama, asante!" mzee akapiga kelele. "Mama Ana ameota mkono wa tatu!"

Jamani! Vigelegele, kengele, kanisa zima likajaa mbele. Padre Mjerumani akaja mbio, akalivuta pazia.

Mimi na baba mkwe tukabaki uso kwa uso. Mzee akageuka, akatimua mbio hadi ziwani, na mkongojo wake ukabaki miguuni pangu.