Kamba ya Kupimia Vyumba

Aibu hii ningeweza kufa nayo, lakini kwa kuwa Morogoro nzima inaijua, jamani, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, reli ingali mpya, nami nimemaliza shule ya serikali huko pwani, nimepata ukarani stesheni na mchumba kutoka Bigwa. Paulina mwenyewe alikuwa tayari; shida ilikuwa mjomba wake, Mzee Kobelo (kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, baba hukohoa tu), aliyeniambia, "Ijumaa nashuka mjini. Nisipokuta chumba chenye mlango, usije tena kumuulizia mpwa wangu."

Mtu mwingine angekaa barazani, akanywa kahawa, akauliza. Mimi nikawaza: wenye nyumba wakijua natafuta chumba watapandisha bei, kwa hiyo nisiseme kitu, nipime kwanza vyumba vyao, nijue thamani ya kila kimoja, ndipo nibishane nao. Basi Ijumaa asubuhi (ndiyo, niliwaza mpaka Ijumaa ikafika) nikavaa kofia ya stesheni, nikachukua kamba yenye mafundo, nikapiga hodi kwa mjane mmoja, Bi Tausi.

"Shikamoo, bibi. Nyumba hii ina vyumba vingapi? Wanalala wangapi?"

"Marahaba." Akaitazama kofia, akaitazama kamba. "Chumba kimoja tu, mwanangu. Kile kingine banda la kuku."

Banda lenye dirisha na mlango wa mninga! Nikaingia, nikapima, na nilipogeuka bibi alikuwa ameshika jogoo, akamtupa ndani. "Si unaona mwenyewe?"

"Chumba hiki si banda," nikasema kwa sauti ya msomi. "Hiki ni cha rupia mbili, tena halali."

"Rupia mbili! Nakufa mie!" Yowe lile lilifika hadi sokoni.

Sikuwa nimewaza jambo moja tu: mwenye kofia anayehesabu vyumba vya watu bila kusema sababu, siku zile, ni mtu wa kodi kutoka bomani. Nilipotoka nje watu walikuwa wanahamisha vitanda, na mzee mmoja yuko juu ya paa lake anang'oa nyasi ili nyumba ionekane gofu, nami nikawakimbilia kuwasihi watulie, kamba mkononi, wakazidi kung'oa.

"Mmetumaliza!" akafoka mgeni mmoja aliyesaidia kubeba kitanda. "Sasa hata kuku mnawahesabu!" Akageuka. Mzee Kobelo.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia.

Ikabidi niseme mbele ya mtaa mzima kwamba natafuta chumba, nataka kuoa. Kisha yule wa juu ya paa akacheka mpaka akashikilia boriti. "Karani, nenda ukakate nyasi, uje uniezekee!"

"Si ungesema!" Bi Tausi akatabasamu. "Ningekupa kwa rupia moja. Lakini wewe msomi umeshapima: mbili, tena halali."

"Bibi, ile ilikuwa..."

Mjomba akaufungua mlango wa mninga, akaufunga, akaufungua tena. "Marahaba," akaitikia sasa. "Mlango upo. Bei umetaja mwenyewe, na mtu asiyesimama na neno lake simpi mpwa."

Nikalipa. Nyasi nikakata. Paulina yuko nami, jogoo pia yuko (amekataa kuhama), na kamba ile tunaanikia nguo. Nikitafuta chumba tena nitakaa barazani, nitakunywa kahawa, nitauliza kama watu. Na nikikipenda, nitakikunjia uso.